Je, Aliyeokolewa Ana Ruhusa ya Kulalamika?

Wako watu wengi wadhanio ya kuwa mtu akiisha kutendewa wema mkubwa hana ruhusa tena ya kunung'unika. Akisema neno, huambiwa, "Shukrani ya punda ni mateke." Leo twataka kulifikiri jambo hili kwa habari ya wenzetu wanywao dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, na huku nyayo zao zawaka moto usiku kucha. Je, wakilalamika wana makosa?

Tulilifikiri kwa sababu ya mama mmoja, jirani yetu hapa Kasingirima, mwuza dagaa. Alianza kunywa dawa mwaka 2006, naye wakati ule hakuweza hata kubeba ndoo ya maji. Baada ya miezi michache akarudi ufukweni, akawa akingojea mitumbwi alfajiri pamoja na wenziwe. Lakini mwaka wa pili haujaisha, nyayo zake zikaanza kufa ganzi, kisha zikachoma kama za mtu akanyagaye makaa. Baadaye dawa ikabadilishwa, maumivu yakapungua, lakini hayakuisha. Hata leo hulala miguu ikiwa nje ya shuka, maana uzito wa shuka tu humwumiza.

Siku moja alitueleza habari hiyo, nasi tukamjibu upesi, kwa kuwa sisi walimu tu wepesi wa kujibu: "Mama, shukuru Mungu. Wangapi ulioanza nao wako makaburini?" Akanyamaza. Hata miezi kadhaa ilipopita, tukapata habari kwamba alikuwa akiacha vidonge siku mbili tatu kila juma, apate kuona kama miguu itapoa. Hakumwambia mganga, wala nduguze, wala sisi. Tulipomwuliza sababu alisema, "Mwalimu, nilikwambia, ukanionyesha makaburi." Hatukuwa na la kujibu.

Yafaa kwanza tujue maumivu hayo yatoka wapi. Virusi vyenyewe huweza kudhuru mishipa ya fahamu, hata kwa mtu ambaye hajaonja dawa. Na mishipa iliyo mirefu kuliko yote, iendayo mpaka vidole vya miguu, ndiyo iumiayo kwanza. Ndiyo sababu ganzi huanzia nyayoni na kupanda kama soksi ivaliwavyo. Tena ilikuwako dawa moja iitwayo stavudini. Serikali ya Tanzania ilipoanza kutoa dawa bure mwaka 2004, stavudini ilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza, kwa kuwa bei yake ilikuwa rahisi. Iliwaokoa watu wengi sana. Na wengi katika hao iliwadhuru mishipa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri kipimo cha miligramu 40 kiachwe, watu wazima wote wapewe 30. Mwaka 2009 likashauri nchi ziiache dawa hiyo kabisa, hatua kwa hatua. Na tangu mwaka 2019 wagonjwa wengi wa nchi yetu wamehamishiwa kwenye kidonge chenye dolutegraviri, kisicho na madhara kama yale. Lakini mshipa uliokwisha umia, mara nyingi haurudi kuwa kama ulivyokuwa.

Sasa tuulize: madhara ya stavudini yalijulikanaje? Maumivu ya mishipa hayana kidonda wala uvimbe. Mtu huweza kuyatazama nyayo za mwenzake asione kitu. Yalijulikana kwa kuwa wagonjwa walisema, "Miguu yachoma," na waganga wakaandika. Na neno lilo hilo likasikiwa katika nchi nyingi. Kama wote wangalinyamaza kwa ajili ya shukrani, huenda dawa ile ingalizidi kutolewa miaka mingine mingi. Basi kulalamika kwao hakukuwa utovu wa shukrani. Kulikuwa ni ushahidi, na faida ya ushahidi huo wanaipata leo watu wasiowajua kabisa.

Sisi wa ukingo wa Tanganyika twafahamu mambo ya vyombo. Mtumbwi ukivuja katikati ya ziwa, abiria huweza kufanya moja la mambo matatu. Wa kwanza hunyamaza, asije akamwudhi mwenye chombo. Maji yakaingia, wote wakazama. Wa pili hukasirika akajitupa majini kwa sababu mtumbwi ni mbovu. Huyo huzama peke yake. Wa tatu husema, "Ndugu zangu, hapa panavuja," akateka maji na kuyamwaga nje, akakaa chomboni mpaka pwani, ndipo mtumbwi ukapigwa kalafati. Huyu wa tatu haudharau mtumbwi, bali ndiye aliyeuthamini kuliko wote. Na jirani yetu alikuwa wa tatu, akasema panavuja; sisi tulipomziba kinywa, akawa kama wa pili.

Labda mtu atatuambia, "Tukimsadiki kila asemaye aumwa, wavivu na waongo watatuchosha." Ni kweli, waongo wako. Lakini tupime hasara zote mbili. Tukimsadiki mwongo, tumepoteza saa moja. Tusipomsadiki mkweli, huenda akaacha dawa kwa siri. Virusi vikaongezeka, vikaizoea dawa, mwisho akapotea yeye aliyeokolewa kwa taabu nyingi. Wazee walisema, "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti." Kwa mambo ya maumivu, shahidi ni mmoja tu, naye ni yule aumwaye. Tukimkataa huyo, hatuna mwingine wa kumwuliza.

Lakini na mgonjwa naye ana wajibu wake. Yampasa aseme, tena aseme mbele ya yule awezaye kusaidia, wala asijiamulie peke yake kuacha kidonge. Maumivu ya nyayo yana sababu nyingi: huenda ni virusi, huenda ni kisukari, huenda ni pombe, huenda ni isoniazidi inywewayo kuzuia kifua kikuu, ambayo kwa sababu hiyo hufuatana na vitamini B6. Kila sababu ina njia yake, tena ziko dawa za kutuliza maumivu ya mishipa, ingawa si kila mtu azionaye nafuu sawasawa. Na mwenye ganzi atazame nyayo zake kila jioni, avae viatu, asitie miguu katika maji ya moto, maana mguu usiohisi haujui unapoungua.

Jirani yetu tulimwomba radhi, akacheka kidogo, akasema tumechelewa lakini tumefika. Tulimsindikiza Maweni, akaeleza mwenyewe habari yake yote, na vile vidonge alivyoviacha pia. Miguu bado yachoma, ila sasa hanywi dawa yake nusu nusu.

Basi twaona ya kuwa shukrani na kilio vyaweza kukaa katika kinywa kimoja. Aliyeokolewa ana ruhusa ya kulalamika. Nasi tuliosimama kando yatupasa kumsikiliza mpaka mwisho kabla ya kufungua vinywa vyetu. Msomaji aliye na wazo jingine, naye na aandike.