Ndege Wakati wa Theluji

Katika mashamba ya Norwei na Uswidi iko desturi ya zamani, nayo haijakoma hata leo. Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana inapokaribia, mwenye nyumba hutwaa mganda wa nafaka usiopurwa, akaufunga juu ya mti mrefu uani, uwe chakula cha ndege. Wakati huo theluji imefunika nchi, na kusini mwa Norwei jua laonekana kadiri ya saa 6 tu kwa siku. Mbayuwayu wamekwisha kuondoka, maana hula wadudu, na wadudu hawapo. Miezi hiyo wako huku kwetu Afrika. Waliosalia kule ni wale wawezao kuishi kwa mbegu: shomoro, na yule ndege mnene mwenye kifua chekundu, na wengine wadogo sana, ambao uzito wao haufiki hata gramu 20.

Basi watu hukaa ndani karibu na moto, wakitazama dirishani, na mioyo yao hufurahi. Nani atawalaumu? Lakini tukifikiri sana twaona neno gumu. Ndege hakuja uani kwa kuwapenda watu. Ameletwa na njaa. Usiku mmoja wa baridi kali waweza kumaliza karibu mafuta yote ya mwili wake, naye asipopata chakula mchana, huenda asiione asubuhi ya pili. Theluji ile ile iliyo uzuri kwa atazamaye ni mateso kwa atazamwaye. Je, ni halali kuifurahia?

Wako wasemao kwamba ni upuzi, heri nafaka ile ipurwe wapewe maskini. Neno hili lina uzito. Ila tumeona kwamba asemaye hivyo mara nyingi hana mganda, wala kwa ndege wala kwa maskini. Luther, alipoeleza Mahubiri ya Mlimani, aliwahesabu ndege kuwa walimu wetu. Na mwanafunzi hamwachi mwalimu wake afe mlangoni huku akimsifu kwa manyoya yake.

Kwa hiyo twaona furaha ya dirishani si dhambi, ila ni deni. Aliyewazoeza ndege kuja kwake hawezi kuwaacha katikati ya baridi kwa kuwa amechoka kutazama. Sisi nasi twaipenda theluji ya Kibo tukiwa mbali, katika joto, wala haitugharimu kitu. Mkulima yule huamka, huvaa viatu vizito, huchimba njia katika theluji mpaka kwenye mti ule, na kuangalia kama punje zimesalia.