Golikipa Alipoachia Ngazi

Siku hizi namuwaza sana Dino Zoff, na wala si kwa sababu ya mpira.

Wengi tunamjua kama golikipa na nahodha wa Italia aliyebeba Kombe la Dunia mwaka 1982 akiwa na miaka 40. Kwenye mechi na Brazil, Oscar alipiga kichwa dakika za mwisho, Zoff akaudaka mpira palepale mstarini. Italia ikashinda 3-2. Ila miaka minne nyuma, kule Argentina, Waholanzi walimfunga kwa mashuti ya mbali na akasemwa vibaya sana kwao. Hakuondoka. Alirudi golini.

Ndiyo maisha ya kipa. Mpira umeshawapita watu kumi, lakini anayeinama kuutoa wavuni ni yeye.

Baadaye akawa kocha. Mwaka 1990 aliipa Juventus Kombe la UEFA na Kombe la Italia, na msimu uliofuata kiti chake akakikalia mwingine. Mwaka 2000 akaifikisha Italia fainali ya Euro, Rotterdam. Wakiwa wanaongoza 1-0, dakika za majeruhi zikiyoyoma, Wiltord akasawazisha. Dakika ya 103 Trezeguet akafunga goli la dhahabu, mchezo ukaishia hapo. Silvio Berlusconi, mwanasiasa na mmiliki wa AC Milan, akamponda hadharani: eti hata mtu wa kumkaba Zidane hakumweka. Siku mbili baada ya fainali, Zoff akaachia ngazi.

Mtu aliyezoea lawama maisha yake yote, kwa nini hii imshinde? Mwanzoni nilisema ni kiburi. Siku hizi naona lawama na dharau ni vitu viwili. Lawama inauliza ulifanya nini. Dharau inakwambia wewe si kitu. Ya kwanza unaijibu kwa kazi. Ya pili, ukiikalia kimya, ni kama umeweka saini.

Nayasema haya nikijua nilikosimama. Miaka michache iliyopita, kwenye chumba kimoja cha habari, mkubwa wangu alinivua nguo mbele ya wenzangu kwa kosa ambalo kweli lilikuwa langu. Kosa nililikubali. Matusi niliyameza. Kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia, na Zoff alikuwa na jina la kumlinda. Mimi nilikuwa na mkataba wa miezi sita. Kwa hiyo simhukumu anayebaki. Kujiuzulu si heshima ya kila mfuko.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Mwezi uliofuata yakamkuta binti mmoja aliyekuja kujifunza kazi. Alitukanwa vilevile, kwa sauti ileile. Akageuka kunitazama. Nami nikainamia kompyuta, nikajifanya nasahihisha habari iliyokwisha kusahihishwa.

Hapo ndipo nadhani nilikosea. Kati ya kuachia ngazi na kuinamia kompyuta kulikuwa na nafasi ya sentensi moja tu: "Bosi, mrekebishe, lakini usimtukane." Huenda ingenigharimu mkataba, huenda isingenigharimu chochote. Sitajua, maana sikuisema.

Zoff aliondoka kwa ajili ya heshima yake mwenyewe, na hiyo ilikuwa haki yake. Mimi nilibaki, nayo ilikuwa haki yangu. Lakini kipa anayebaki golini anabaki ili azuie kitu. Ule mpira ulipita mbele yangu, na aliyeinama kuutoa wavuni alikuwa yule binti.