Kupona ni Nini?

Huulizwa darasani kwetu: aliyepatwa na madhara yasiyoondoka, je, aweza kuitwa mzima? Sisi twaona aweza. Henry Wanyoike wa Kikuyu, kusini ya Nyeri, alikuwa kijana mkimbiaji. Mwaka 1995 kiharusi kikampokonya nuru ya macho. Mbio akaziacha, kisha akazirudia, yeye na mwongozi wake wameshika kamba moja. Huko Sydney, mwaka 2000, katika mita 5,000 za Paralimpiki, mwongozi ndiye aliyeishiwa nguvu. Kipofu akamvuta hata mwisho, akatwaa dhahabu. Macho hayakumrudia. Nasi (tusifichane) tumezoea kumpa kipofu sadaka mlangoni, tukadhani haki yake tumeimaliza. Ni nani kati yetu amewahi kushika ncha ya pili ya kamba?