TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 13: MADOA YA MAJI



Ndugu zangu wa Himo, na nyote mnaotusoma kutoka Moshi, Marangu, Rombo na kule Holili. Leo sina somo refu la fiqhi. Nina kisa cha gari. Kisa ni changu mwenyewe, na mwenye kosa ni mimi.

Wengi mmeliona lile Harrier jeusi tunalopelekea futari kwa wazee na wajane. Si langu. Ni la ndugu yangu, ameniazima mwezi huu kwa ajili ya kazi hiyo, Allah amlipe. Aliponikabidhi ufunguo aliniambia neno moja: "Bodi limepakwa seramiki, nimelipia pesa nzuri, nitunzie."

Jumamosi ya kwanza ya mfungo nikalipeleka kuoshwa. Kijana akaliosha vizuri, povu, maji, mpaka matairi. Ilikuwa saa sita na nusu, jua la Himo mnalijua lilivyo kabla masika hayajaanza. Adhana ikaanza. Kijana akasema, "Shekhe, subiri kidogo nilifute." Nikamjibu, "Acha tu, jua litakausha." Nikachukua ufunguo, nikaliegesha juani, nikaingia kuswali.

Jumatatu nilipofuta vumbi nikaona boneti na paa zima limejaa viduara vyeupe, mamia, kama mtu amemwagia chokaa. Nikasugua kwa kitambaa, havitoki. Moyo ukaniruka. Nitamwambia nini mwenye gari?

Hapo ndipo nilipokosea. Baada ya Alasiri nikaenda moja kwa moja pale wanapooshea. Watu walikuwepo, madereva wa maroli, bodaboda, wateja. Nikamwambia yule kijana, kwa sauti, kwamba ameniharibia gari la watu, kwamba katumia sabuni ya kufulia, kwamba vijana wa siku hizi wanataka pesa bila kazi. Mimi, mwenye kanzu, mdomo mkavu kwa saumu.

Hakujibu. Aliinamisha kichwa akasema, "Samahani, shekhe." Nikaondoka nikijiona nimetetea amana.

Alhamisi nikalipeleka gari kwa fundi wa polishi Moshi mjini. Akapitisha kidole juu ya yale madoa, akaniuliza swali moja: "Lilikaushwa juani hili?"

Wallahi, nilikuwa nimesahau kabisa. Swali lile ndilo lililonirudishia sauti ya yule kijana: "Shekhe, subiri kidogo nilifute."

Fundi akanieleza, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Maji tunayotumia yana madini ndani yake, kalsiamu na magnesiamu. Ndiyo yale yale yanayoacha ukoko mweupe chini ya birika la chai. Tone likikauka, maji yanapaa, madini yanabaki. Jua kali na bati la moto vinalikausha tone kabla hujaligusa.

Nikamuuliza, "Si lina seramiki?" Akacheka kidogo. Akasema watu wengi wanadhani seramiki inazuia doa. Kazi yake ni kuyafanya maji yasitandae. Yanasimama matone matone ya duara, na yakipulizwa au kufutwa yanaondoka upesi. Lakini ukiyaacha yakauke, kila tone linaacha duara lake pale pale liliposimama. Kinga ipo, ila haifanyi kazi ya kitambaa.

Akanionyesha ngazi tatu. Doa jipya linatoka kwa kuosha upya na kukausha hapo hapo kwa kitambaa laini. Doa lililokwisha kugandamana linahitaji siki iliyochanganywa na maji, gari likiwa kivulini na bodi limepoa. Unajaribu kwanza sehemu ndogo, unaacha muda mfupi, unasuuza vizuri, wala huruhusu siki nayo ikauke pale. La tatu ni doa lililokwisha kula ndani. Hilo siki haliliwezi. Linataka mashine ya polishi, na polishi ikipita inaondoka na ile seramiki, na inapunguza kidogo ngozi ya juu ya rangi. Kisha sehemu ile inapakwa upya.

Sehemu kubwa ya gari ilisafika kwa siki. Boneti, ambayo inapigwa na jua kwa juu na moto wa injini kwa chini, ilibidi ipigwe polishi. Nililipa mimi.

Nikiwa nimekaa kwenye benchi nasubiri, nikaikumbuka hadithi ambayo nimewasomesha watoto wa madrasa miaka mingi, aliyoipokea Imam Tirmidhi kutoka kwa Abu Huraira (r.a.). Mtume (s.a.w.) anatufundisha kwamba mja akitenda kosa, nukta nyeusi huwekwa moyoni mwake. Akiacha, akaomba maghfira na kutubia, moyo wake husuguliwa ukang'aa. Akirudia, nukta huongezeka mpaka ziufunike moyo wote. Na hiyo ndiyo kutu inayotajwa katika Suratul Mutaffifin, aya ya 14. Neno la Kiarabu lililotumika hapo kwa kusugua, saqala, ndilo wanalolitumia kwa kung'arisha upanga au kioo. Yaani polishi. Nimelifafanua neno hilo ubaoni mara ngapi? Siku ile ndiyo nililielewa, nikisikiliza mashine ikinguruma juu ya boneti.

Saumu ni ngao, Mtume (s.a.w.) ametuambia. Nasi tunaivaa ngao hii kama mwenye gari aliyepaka seramiki, tukidhani tumeshamaliza. Tumefunga, tumeswali tarawehe, tumesoma juzuu yetu, basi hakuna kitakachotushika. Lakini hadithi nyingine inatukumbusha kwamba asiyeacha maneno ya uongo na kuyatenda, Allah hana haja ya yeye kuacha chakula na kinywaji chake. Ngao ipo, na ulimi unatonesha matone juu yake mchana kutwa. Faida ya ngao ni kwamba tone linaonekana na ni rahisi kulifuta, maadamu halijakauka. Umesema neno baya saa nne? Lifute saa nne. Usiliache mpaka kesho kutwa.

Mimi langu nililiacha siku tatu juani.

Siku ile ile ya Alhamisi nikarudi pale. Kijana hayupo. Mzee mwenye eneo akaniambia, "Nilimwambia apumzike, shekhe. Wewe ukilalamika, wateja wangu wote watasikia." Ndugu zangu, neno langu moja lilimkosesha mtu riziki, kwa sababu lilitoka kwenye kinywa cha imamu. Angesema mtu mwingine, pengine lingepita.

Nikapelekwa mpaka kwao, si mbali na barabara ya Marangu. Mama yake akanikaribisha, akaniita baba shekhe, akanipa kiti. Ukutani kuna msalaba. Kijana akatoka, akanisalimia, "Shikamoo." Nikamwambia mama yake asiniletee maji kwa kuwa nimefunga. Kijana akasema taratibu, "Na mimi nimefunga, shekhe. Ni Kwaresima."

Sikuwa na la kusema kwa muda. Nikamuuliza kwa nini hakunikumbusha siku ile kwamba yeye alitaka kulifuta gari na mimi ndiye niliyekataa. Akajibu, "Ningekubishia vipi mbele za watu? Wewe ni mtu mzima."

Alinilindia heshima yangu mbele za watu wale wale niliomvunjia yeye heshima yake.

Nikamwomba radhi. Akasema yameisha. Lakini nilijua hayajaisha, maana kosa lilifanyika barabarani, siyo sebuleni kwao. Kesho yake baada ya swala ya Ijumaa nikamchukua, tukaenda pale, nikasema mbele ya mzee na madereva waliokuwepo: huyu kijana alifanya kazi yake sawasawa, mwenye kosa ni mimi, nilimdhulumu. Uso ulikuwa unawaka moto. Polishi inakwangua, siwafichi. Inaondoka na kitu, na kwangu iliondoka na kiburi ambacho nilikuwa nakiita heshima ya cheo. Jumamosi kijana akarudi kazini. Mshahara wa siku alizokaa nyumbani nimemlipa, maana nayo ni haki yake.

Wapendwa, makosa yetu kwa Allah tunayafuta kwa istighfari, naye ni Mwingi wa kusamehe. Haki ya mja ni ngazi ya tatu. Hiyo haitoki kwa kukesha usiku peke yake. Mtume (s.a.w.) ametueleza habari za mtu muflisi wa umma wake: atakuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini huyu kamtukana, yule kamsingizia, mwingine kamla mali, basi watagawiwa mema yake mpaka yaishe. Na alipomtuma Muadh bin Jabal (r.a.) Yemen, kwa watu waliopewa Kitabu, alimwonya aogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani hakuna pazia kati yake na Allah. Asiseme mtu kwamba yule si Muislamu. Jirani ni jirani, na dhulma ni dhulma.

KAZI YA LEO: Tumeshaingia kumi la pili, na najua simu zitaanza kujaa zile jumbe za "kama nimekukosea popote nisamehe", mtu mmoja anawatumia mia mbili. Hiyo ni kumwagia gari maji kwa mpira. Leo kabla ya futari mfikirie mtu mmoja, mmoja tu, unayejua umemkosea: mkeo, mfanyakazi wako wa ndani, konda, mwanafunzi, jirani. Nenda kwake. Litaje kosa kwa jina lake. Kama ulilifanya mbele za watu, lisafishe mbele za watu. Kama kuna pesa ndani yake, irudishe.

Ewe Mola wetu, zing'arishe nyoyo zetu kabla kutu haijazifunika, utupe ujasiri wa kuwaendea tuliowakosea, na uwalainishe watupokee. Tutakabalie saumu zetu. Aamin.

Darsa leo baada ya Alasiri kama kawaida. Na mtakaopita kuosha magari mkielekea sokoni, mwacheni kijana alifute mpaka likauke.

Wabillahi tawfiq.