Arusi ya Nyumbani na Deni la Msaada

Mtu anapotusaidia katika arusi, je, ametupa zawadi au ametukopesha? Swali hili huulizwa kwa minong'ono katika jamii yetu, na pengine ndiyo sababu halijapata kujibiwa vizuri. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza kwa kuitazama arusi ya kawaida ya nyumbani, ile ambayo jamaa na majirani huiandaa kwa mikono yao wenyewe, bila ya ukumbi wala mpishi wa kukodiwa.

Kwanza yafaa tutenganishe ndoa na arusi. Ndoa ni mapatano. Arusi ni shughuli. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku 21 kabla, inataka wawepo mashahidi wasiopungua wawili, na inaeleza kwamba ndoa haibatiliki eti kwa kuwa mila za mahari au za kupeana zawadi hazikutimizwa. Sheria haidai pilau. Mtu angeweza basi kuoa asubuhi na kurudi kazini mchana, na wapo waliofanya hivyo. Kwa nini wengi wetu tungeona kuwa kuna kitu kimepungua?

Tuchukue mfano wa arusi moja tuliyoihudhuria katika kijiji kimoja cha mwambao wa Tanga. Bwana arusi na bibi arusi walikuwa wafanyakazi wa Dar es Salaam, na wenzao waliwashauri waunde kamati, wachapishe kadi za michango, na wakodi ukumbi. Wakakataa, wakarudi kwao. Miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe shangazi zake bibi arusi walikwisha kata ukindu, wakauanika, wakauchana, wakauchemsha katika rangi, na kusuka ukili jioni baada ya jioni. Kila mmoja alisuka kwake akaleta alichosuka, na mwishowe wakakaa pamoja kushona mkeka mmoja. Vijana walileta kuni na makuti ya banda. Sufuria kubwa ziliazimwa nyumba kwa nyumba, kila moja ikiwa na alama ya mwenyewe: hii imefungwa uzi mwekundu, ile ina tundu la msumari ukingoni. Usiku wa kuamkia shughuli mbuzi za kukunia nazi hazikunyamaza (wale mbuzi wengine walikuwa wamekwisha nyamazishwa tangu alasiri), na tui likachujwa kwa vifumbu mpaka vidole vya wanawake vikanyauka.

Bibi mmoja mjane, asiye na mtoto wala mali, alileta ukili wa pima mbili tu. Ukashonwa katikati ya mkeka pamoja na wa wengine, ingawa rangi yake haikuchukuana sana na ya ukili wa pembeni. Mjomba mmoja wa bwana arusi, mtu mwenye nafasi yake mjini, hakuja. Alituma kwa simu fedha za mchele wote. Watu wakala mchele wake. Hata hivyo, alipofika kijijini wiki moja baadaye, neno la kwanza aliloambiwa baada ya salamu lilikuwa: "Ulikuwa wapi siku ya arusi ya mtoto wetu?" Naye akajibu kwa uchungu, "Na bila ya mimi mngekula nini?" Tulikuwa tumeketi pale barazani, na tunakiri kwamba hatukujua la kusema.

Je, mjomba alidhulumiwa? Kwa hesabu ya dukani alidhulumiwa waziwazi. Wapo watakaosema kuwa jibu ni rahisi, kwamba mkono una upendo na fedha haina. Sisi hatukubali upesi namna hiyo. Fedha ile ilikuwa jasho lake, na mtu anayefanya kazi mbali na kwao hana mkono mwingine wa kunyosha. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini mwaka 2008, ndugu aliye mbali amepata njia ya kuwamo ambayo baba yake hakuwa nayo. Wala msaada wa mikono si wa hiari tupu kama unavyosifiwa. Kijijini kila mtu anajua nani hakuonekana katika shughuli ya nani, na asiyekwenda kwa wenzake, siku yake ikifika atakuna nazi peke yake. Isitoshe, sehemu iliyo nzito ya kazi iliwaangukia wanawake. Vijana walikuwa wamekwisha maliza kuni zao saa nne asubuhi, na sisi wanaume wengine tulikuwa barazani tukizungumza. Anayesifu arusi ya nyumbani kuwa haina gharama aulizwe kwanza alikuwa ameketi wapi usiku ule.

Tofauti iko mahali pengine. Mchango wa fedha una tarakimu, na deni lenye tarakimu huweza kumalizika. Leo nimekupa shilingi 50,000, umeniandika katika daftari. Kesho umenirudishia shilingi 50,000, nami sikudai wala hunidai. Katika miji yetu mambo yamefika mbali zaidi: kiasi kikitolewa, kadi ya kuingilia hutoka kwa kadiri yake, ya mtu mmoja au ya watu wawili, na mchango umegeuka kuwa kiingilio. Lakini ukili wa pima mbili hulipwa kwa nini? Mjane yule hana mtoto wa kuoza. Deni lake haliwezi kulipwa likaisha, na kwa kuwa haliishi, yeye na watu wa arusi ile hawataachana. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya Ujamaa, alikumbusha methali ya mgeni anayepewa jembe siku ya tatu. Katika arusi ya nyumbani siku hiyo ya tatu huja mapema: anayefika tu hupewa mwiko, na tangu hapo si mgeni.

Pamoja na deni huja haki. Aliyesuka mkeka hupata neno katika ndoa. Wenyewe wakigombana, atawauliza, na hawataweza kumwambia kuwa hayamhusu. Hata sheria tuliyoitaja inatambua haja ya watu wa kati, maana kwa kawaida haikubali shauri la talaka lipelekwe mahakamani kabla ya mgogoro kufikishwa katika baraza la usuluhishi wa ndoa. Arusi ya mikono huwaunda wasuluhishi kabla ya ugomvi.

Hapa ndipo panapotutia wasiwasi. Tumewahi kumsikia mwanamke aliyekimbia kipigo akiambiwa na watu wake mwenyewe arudi kwa mumewe, wasije wakaaibika wao waliohangaika na arusi yake. Huo si usuluhishi. Sheria ile ile ya mwaka 1971 inakataza mwenzi kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, wala hapana ukili wala pilau inayoweza kuhalalisha jambo hilo. Haki inayotokana na msaada ni haki ya kuuliza na kusikiliza. Anayedai zaidi ya hapo amekuwa mkopeshaji, tena mbaya kuliko yule wa daftari, kwa sababu anataka kulipwa kwa mwili wa mtu.

Tukirudi kwa mjomba, tunadhani kwamba alisikia shutuma mahali ambapo palikuwa na jambo jingine. Hakuna amwulizaye mpita njia alikuwa wapi. Huulizwa yule ambaye mahali pake paliwekwa pakabaki wazi, naye alikuwa ametuma kitu kilichotosha kulisha kijiji kizima isipokuwa kulijaza pengo hilo. Alibaki amenuna mpaka jioni.

Kesho yake walikuwa bado na sufuria tatu za watu za kurudisha, zimesuguliwa kwa majivu na kufunikwa uani. Shangazi mmoja akamtwika moja bila ya kumwuliza. Ilikuwa ile ya uzi mwekundu, lakini uzi wenyewe ulikwisha ungua jikoni, na mwenye sufuria hakukumbukwa. Tulimwona akipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, akibisha hodi na kuuliza kama ni yao.