Milioni za Newark na wazazi waliosahauliwa

Septemba 2010, wazazi wa Newark, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la New Jersey, Marekani, walipata habari za shule zao kwenye televisheni. Katika kipindi cha Oprah Winfrey, Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, alitangaza kwamba anatoa dola milioni 100 kuinua shule za mji huo. Alikuwa amekaa na meya, Cory Booker wa chama cha Democratic, na gavana, Chris Christie wa Republican. Mahasimu wa kisiasa wameweka tofauti zao kando kwa ajili ya watoto wa maskini! Watazamaji ukumbini wakashangilia. Nami ningeshangilia, na sidhani kama wewe msomaji ungenyamaza.

Ndiyo maana kisa hiki kinatuhusu. Walioharibu hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wenye nia njema na haraka nyingi, na hapo yeyote kati yetu anaweza kuteleza.

Shida yenyewe ilikuwa ya kweli. Jimbo lilikuwa limezichukua shule za Newark tangu 1995 kwa sababu ya matokeo duni na uendeshaji mbovu, na miaka 15 baadaye watoto wengi bado walikuwa nyuma katika kusoma na hesabu. Wafadhili wengine wakaombwa nao wachangie dola milioni 100. Fedha zikapatikana. Kilichokosekana ni masikio.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalionekana mapema. La kwanza ni hilo la televisheni: mzazi mwenye mtoto darasani alijua mambo siku ileile aliyojua mtazamaji wa jimbo la mbali. La pili ni mikutano ya maoni. Iliitishwa baada ya tangazo, watu wakaja, wakaeleza kero zao. Kumbe mipango ilikuwa ikichorwa kwingine. Mapema 2011 gazeti likafichua rasimu ya kufunga na kuunganisha shule kadhaa, nao wazazi wakafurika mkutanoni kwa hasira. Mtu ukimwomba maoni huku uamuzi umeshauweka mfukoni, usishangae asipokuamini tena.

La tatu ni fedha. Zaidi ya dola milioni 20 ziliishia kwa washauri waelekezi, baadhi yao wakilipwa dola 1,000 kwa siku, ilhali walimu walikuwa wakigharamia mahitaji ya darasani kwa fedha zao wenyewe. La nne ndilo zito zaidi. Cami Anderson, aliyeteuliwa na jimbo mwaka 2011 kusimamia shule hizo, alizomewa sana katika vikao vya bodi, na mwaka 2014 akaacha kuhudhuria. Kiongozi akishakimbia kelele za wazazi, ataambiwa na nani kwamba amepotea njia?

Mwaka huohuo ukaanza utaratibu mpya wa kupangia wanafunzi shule mji mzima. Kwenye karatasi ulipendeza, kwani kila mtoto angeweza kuomba shule yoyote. Lakini Newark watoto wengi walizoea kwenda kwa miguu shule ya mtaani kwao, na mabasi ya shule yalikuwa machache. Sasa kaka akapangiwa upande huu wa mji, mdogo wake upande ule, na mama asiye na gari akabaki akijiuliza ampeleke nani kwanza. Wengine ilibidi wavuke mitaa ya magenge. Swali hilo mama yeyote wa Newark angeliuliza siku ya kwanza, kama angeulizwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wananchi walijibu kwa kura. Mei 2014 walimchagua meya mpya, Ras Baraka, aliyewahi kuwa mkuu wa shule na aliyeupinga mpango huo waziwazi. Februari 2015 wanafunzi walilala siku kadhaa katika ofisi ya Anderson wakimtaka aondoke, na mwaka huo akajiuzulu.

Haki isemwe: utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba watoto walipiga hatua katika Kiingereza, ingawa katika hesabu haikuwa hivyo. Lakini mageuzi yalianza kwa ahadi ya kuifanya Newark mfano kwa taifa, yakaishia kuugawa mji. Zuckerberg na mkewe, Priscilla Chan, walipotoa dola milioni 120 kwa shule za eneo la San Francisco mwaka 2014, walisema wamejifunza umuhimu wa kuwashirikisha wenyeji.

Mjini London, mpango wa kuinua shule ulioanza 2003 ulitumia njia nyingine. Walimu wakuu waliofanikiwa waliwekwa bega kwa bega na wenzao waliokwama, shule zikafundishana, na kazi ikapewa miaka. Kufikia 2010 London ilikuwa imeupita wastani wa Uingereza katika matokeo ya sekondari.

Basi ndugu msomaji, mfadhili akija shuleni kwenu, mpokeeni kwa heshima, lakini kabla ya kusaini chochote ulizeni: wazazi wameketi wapi katika mpango huu? Walimu je? Na wakisema hapana, kuna kitakachobadilika? Majibu yasiporidhisha, simamisheni kwanza. Fedha zinaweza kungoja mwezi mmoja. Imani ya wazazi ikishavunjika, kuirudisha huchukua miaka.