Habakuki na Waya wa Juu ya Mwembe



Dominika hii ya 27 ya Mwaka C tunasomewa nabii Habakuki, na somo lenyewe ni fupi kiasi kwamba ukikohoa limekupita. Linaanza na malalamiko. Nabii amelia hadi kuchoka, kila anakotazama ni ukatili na ugomvi, na Mungu kanyamaza. Mara, bila hata kupumua, Mungu anajibu: andika maono, yaandike wazi, yana wakati wake, na yakikawia yangojee. Nani kati yetu asingependa kujibiwa upesi namna hiyo?

Lakini mkifika nyumbani fungueni Biblia muone. Somo letu limechukuliwa sura ya kwanza, aya ya 2 na ya 3, kisha likaruka hadi sura ya pili, aya ya 2. Katikati pamerukwa mengi, na mojawapo ni aya ya kwanza ya sura ya pili. Humo Habakuki anasema kwamba atakwenda kusimama kwenye zamu yake, apande mnarani, akae macho ajue Bwana atamwambia nini. Siwalaumu waliopanga masomo. Misa ina muda wake, na nyinyi wenyewe mnajua jinsi mnavyotazama saa padri akizidisha. Ila aya hiyo ndiyo ninayotaka tukae nayo wiki hii, maana bila hiyo mtu anaweza kudhani kwamba kati ya kilio na jibu hakuna kazi yoyote ya kufanya.

Wengi wenu mmeuona waya uliovutwa kutoka kwenye mwembe hadi kwenye mlingoti wa mkaratusi, nyuma ya nyumba ya kijana wetu mmoja hapa Ibadakuli, fundi wa simu na redio. Maneno yaliyosemwa ninayajua pia. Wapo waliosema anaiba umeme. Wapo waliosema mengine ambayo sitayarudia mbele ya watoto. Ule waya ni antena, basi. Duniani kuna watu wanaoitwa wanaredio wa ridhaa. Si watangazaji, hawauzi matangazo, hawalipwi na mtu. Wanajenga mitambo yao wenyewe na kuongea wao kwa wao kwa mawimbi mafupi, nchi na nchi, bila intaneti na bila mnara wa kampuni ya simu. Kwetu Tanzania anayetaka kurusha sauti yake hewani lazima kwanza apate leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kupewa jina la kituo, na majina ya Tanzania huanza na 5H. Kijana wetu hajafika huko. Kwa sasa anasikiliza tu, na nia yake ni kuomba leseni baadaye.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikamtazama akiijenga. Hesabu yake ni ya darasa la saba: chukua 143, gawanya kwa masafa unayoyataka kwa megahezi, jibu ni urefu wa waya kwa mita. Yeye anataka megahezi 7.1, ambako wanaredio wa ridhaa wa Afrika na Ulaya hukutana sana usiku. Inakuja mita 20 na kidogo, kwa hiyo mita 10 kila upande, na katikati waya umekatwa. Shaba yenyewe aliifumua kwenye mota ya pampu iliyoungua. Ncha za nje alizifunga kwenye vipande vya bomba la plastiki la maji ili zisiguse mti, ndipo ikafuata kamba ya nailoni. Pale katikati akaunganisha, kwa risasi ya fundi redio, waya wa antena ya televisheni unaoshuka hadi dirishani. Hakuna alichonunua dukani isipokuwa kamba na huo waya wa kushukia. Hata redio ni ya mtumba, haijazi viganja viwili.

Nikaona ncha za waya zimekunjwa, kama vile umezidi. Nikamuuliza mbona hakati. Akasema: "Padri, ukikata umekata. Nakunja kwanza, nasikiliza, halafu nakunja tena kidogo."

Nikamuuliza na la pili, ambalo ndilo lililonipa tafakari hii: kwa nini asidundulize hela anunue redio kubwa? Akacheka. "Nikinunua redio ya milioni na waya uko chini, nitasikia jirani tu."

Mafundi wa mambo haya wana kanuni mbili zinazofaa kujulikana na kila mwamini, hata asiyejua kubadilisha betri ya saa. Ya kwanza ni kwamba antena inasikia jinsi inavyosema. Upande ambao ni kiziwi ndio huo huo ambao ni bubu. Huwezi kuwa na waya usiosikia Mbeya lakini ukawa hodari wa kupeleka sauti Mbeya. Ya pili inahusu nguvu. Ukiongeza nguvu ya mtambo wako mara nne, yule anayekusikia kwa mbali ataona mshale wa mita yake umepanda mgawo mmoja tu. Mara nne! Gharama yote hiyo, na umeme wote huo, kwa mgawo mmoja. Ndiyo maana wanaojua hawakimbilii kuongeza nguvu. Wanapanda mti, wanainua waya, wanakagua viungo, wanapima upya.

Sasa tazameni Injili ya leo. Mitume wanamwendea Bwana na kumwomba awaongezee imani. Ni ombi zuri, nasi huliomba kila siku, lakini ni ombi la mtu anayetaka mtambo wenye nguvu zaidi. Bwana hawapi. Anawaonyesha punje ya haradali, kana kwamba anasema kiasi si shida yao, kisha moja kwa moja anaanza kusimulia habari ya mtumishi anayetoka shambani na kuingia kuhudumu mezani, ambaye kazi yake yote ni kukaa tayari kwa neno la bwana wake.

Kamati ya kwaya, nanyi mpo hapa: ombi lenu la spika mbili zaidi nimelisoma. Nitalijibu kwenye kikao. Kwa leo niulize tu, kwa upendo, kama tatizo letu hapa Ibadakuli kweli ni kwamba Mungu hatusikii. Tunasali kwa sauti kubwa, tunakesha kwa sauti kubwa, tunatoa shuhuda kwa vipaza sauti hadi majirani zetu Waislamu wanazijua shuhuda zetu kwa moyo. Kilio cha Habakuki tunacho, tena kingi. Mnara ndio sijauona sana.

Na mnara, tuelewane, ni kazi. Kijana wetu alipomaliza kuvuta waya, usiku wa kwanza hakusikia Ulaya wala Afrika Kusini. Alisikia mngurumo, zzzzz, mfululizo, kutoka mwanzo wa bendi hadi mwisho. Majirani walishamaliza kesi: ni ule umeme mkubwa. Na kweli hapa kwetu kipo kituo cha kupoza umeme, inapoishia laini ya kilovoti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida, kilomita 670, na ukisimama chini ya nyaya hizo jioni yenye unyevu unazisikia zikivuma. Kesi nzuri. Ila yeye hakuitaka bila ushahidi. Akaweka betri kwenye redio, akazima swichi kuu ya nyumba yao. Mngurumo ukakatika. Akawasha umeme tena, akaanza kuchomoa kitu kimoja kimoja: friji, taa, televisheni. Ilikuwa chaja ya simu. Ile ya bei rahisi, iliyoachwa ukutani mchana kutwa bila simu. Alipoichomoa, nyuma ya ule mngurumo akatokea mtu redioni anaongea Kireno, kwa mbali, akipotea na kurudi.

Zaburi ya leo, ya 95, inatuomba tusifanye migumu mioyo yetu siku tutakapoisikia sauti yake. Nimeisoma mara nyingi nikiwaza jangwa la Waisraeli. Wiki hii nimeisoma nikiiwaza chaja ile. Tunapenda sana kusema kelele zinatoka nje: dunia ya sasa, mitandao, vijana wa siku hizi, machimbo ya Geita yaliyowachukua waume na kuwarudisha wengine. Baadhi ya hayo ni kweli. Lakini nani amewahi kuzima swichi kuu ya nyumba yake akaangalia kinachobaki? Kuna kinyongo kilichochomekwa ukutani tangu mgao wa urithi wa mwaka juzi, hakichaji chochote, na kinaunguruma juu ya kila sala.

Kabla sijaendelea, niseme kama mzazi kwa vijana ambao najua wataondoka hapa na kwenda kutafuta shaba. Msiinue mlingoti wala kurusha kamba karibu na nyaya za umeme, hata kama zinaonekana mbali. Waya wa mita 20 ukianguka hauchagui pa kuangukia. Tunao uwanja wa ndege hapa hapa Ibadakuli, basi mtu asisimamishe mlingoti mrefu bila kuuliza wahusika. Na mvua ndizo hizi zinakuja. Kanda yetu hii ya Ziwa ina radi nyingi, na wenzetu wa Geita hawajasahau Oktoba 2018, radi ilipoua wanafunzi shuleni. Wingu likijikusanya, waya unachomolewa kwenye redio na kutolewa nje ya nyumba mapema, si baada ya ngurumo ya kwanza. Kijana wetu amezika pia chuma ardhini cha kuunganishia. Hata hivyo huchomoa.

Turudi mnarani. Ijumaa hii, tarehe 10 Oktoba, ni siku ambayo mwaka 1982 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Maximilian Kolbe kuwa mtakatifu. Padri huyu Mfransisko wa Poland alikuwa na kituo cha redio katika nyumba ya watawa ya Niepokalanów, jina la kituo SP3RN, na wanaredio wa ridhaa wanamhesabu kuwa msimamizi wao. Habari zake wengi mnazijua kwa sababu ya kifo chake. Mwishoni mwa Julai 1941, katika kambi ya Auschwitz, mfungwa mmoja alitoweka, na walinzi wakachagua wafungwa kumi wafe kwa njaa iwe fundisho kwa wengine. Mmoja wa wale kumi, Franciszek Gajowniczek, akalia akiwataja mke na watoto wake. Mstari mzima ulisikia kilio kile. Walikuwa na masikio wote, na hofu wote, na simhukumu hata mmoja wao. Kolbe akatoka mstarini akaomba achukue nafasi yake. Alikaa wiki mbili bila chakula, na tarehe 14 Agosti wakamchoma sindano ya sumu. Gajowniczek aliishi hadi 1995, na siku ile ya 1982 alikuwepo Roma kwenye Misa.

Naitaja habari hii kwa sababu mtu aweza kuelewa vibaya ninaposema tusikilize. Akadhani namwambia ajifungie chumbani afumbe macho. Habakuki alipanda mnarani, na mnara ni mahali pa mlinzi. Kutoka kule juu unaona pia nani anakuja amebebwa, na moshi unatoka wapi.

Usikivu wa mlinzi wa namna hiyo wazee wa parokia wanaukumbuka kwenye simu ya upepo. Kabla simu za mkononi hazijafika, hospitali na misheni nyingi za pembezoni Afrika Mashariki ziliunganishwa kwa redio ya namna hii, zikiwa na waya uliotandazwa juu ya paa au kati ya miti miwili, na betri ya gari chini ya meza. Huduma ya madaktari wa ndege iliyoanza 1957, ambayo leo tunaijua kwa jina la AMREF, iliendesha mtandao wake kutoka Nairobi kwa njia hiyo hiyo. Saa ya mawasiliano ikifika, kituo kikuu kiliita vituo kwa majina, kimoja baada ya kingine. Aliyejibu kwamba hana shida alipitwa haraka. Kilichowakosesha watu raha ni kituo kilichoitwa mara moja, mara mbili, mara tatu, kikakaa kimya. Labda betri imekwisha. Labda upepo umeangusha antena. Labda ni jambo kubwa zaidi. Basi mtu alitumwa kwenda kuangalia.

Jumuiya Ndogo Ndogo zitakutana wiki hii kwa Rozari ya Oktoba, na najua ratiba yenu ilivyo: sala ya kufungua, kisha karatasi ya michango, kisha karatasi ya michango ya pili. Wiki hii karatasi zikae mfukoni hadi mwisho. Mwenyekiti aite majina ya familia zote za jumuiya, moja baada ya nyingine, polepole, akiipa kila familia nafasi ya kujibu. Familia ambayo haijaitikia iandikwe, na kabla ya Jumapili wawili waende hapo nyumbani. Wasibebe risiti. Wakifika wakae, wapokee maji wakipewa, na wamwache mwenyeji aanze kuongea.